Jeki ya bei poa au ya gereji, ununue ipi?
Kama kazi yako ni kubadili tairi na kuchungulia breki za gari ndogo kama Toyota IST hapo nyumbani Ngamiani, jeki ndogo ya magurudumu ya tani 2 inatosha, usijibane bure. Ukiwa na Land Cruiser hiyo isahau, tafuta ya gereji ya tani 3, kuibeba ni shughuli ila inapanda juu na haiyumbi. Dukani omba wanyanyue nayo gari halafu mngoje kidogo, ikianza kushuka yenyewe au oili inachuruzika kwenye pistoni achana nayo hata muuzaji akuapie vipi. Uani kuna mchanga? Weka ubao mpana chini ya jeki. Na usiingie uvunguni gari imeshikwa na jeki tu, hata ya bei mbaya, nunua stendi 2 za chuma za kushikilia gari kwanza, hela ikibaki ndo uongezee kwenye jeki.