Bana mpira kabla ya kununua silinda ya klachi
Pedali ya klachi ya lori la zamani ikizama taratibu unapoikanyaga, bana mpira (bomba laini la mafuta) unaoelekea silinda ya chini, ile iliyo kwenye klachi, kwa kibano chenye midomo laini, kisha kanyaga tena. Ikiendelea kuzama na hakuna uvujaji juu ya ulipobana, silinda ya juu, ile iliyo kwenye pedali, ndiyo mbovu, kwa kuwa mafuta yanapenya kando ya mipira ya kuziba ya pistoni na kurudi kwenye kikopo cha mafuta hata kama nje hakuna tone linaloonekana. Ikisimama imara, tafuta uvujaji au hewa kuanzia ulipobana kwenda chini. Kipimo hiki hakiwezekani ikiwa bomba lote ni la chuma, na mpira uliokauka na kupasuka usibanwe kamwe, bali ubadilishwe. Fimbo ya silinda ya chini ikisukuma kikamilifu na gia bado zinakwaruza, huenda hitilafu imo ndani ya klachi yenyewe.