Namna ya kuacha dawa za sonona taratibu, na cha kufanya shoti za kichwani zikianza

Kama umeamua jana kwamba basi, sinywi tena hizi dawa, nakuomba kabla ya kutupa boksi usome hii mpaka chini. Na kama bado unavyo vidonge endelea kuvinywa leo kama kawaida, wiki mbili tatu za kusubiri upange vizuri kwa kawaida hazina hasara kubwa, ila kuacha ghafla kunaweza kukugharimu mwezi mzima wa mateso ambayo yangeepukika.

Mi sio daktari. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kumsindikiza mdogo wangu wa kike kliniki hapa Dodoma, kuuliza maswali mengi, kusoma, na kukaa naye usiku akiwa hawezi kulala, na amenikubalia niyaseme. Naandika kwa sababu naona watu wengi wanaambiwa namna ya kuanza dawa ila namna ya kutoka hawaambiwi kabisa.

Kwanza cheki jina kwenye boksi. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu kuna watu wanatumia dawa ya sonona na hawajui. Amitriptilini kwa mfano wanapewa watu wenye maumivu ya neva, wenye kipandauso, wenye shida ya usingizi, mtu anakwambia "mi nameza kidonge cha miguu kuwaka moto" kumbe ni ileile, na akiacha ghafla anapata dalili za kuacha kama wengine. Nyingine utakazokutana nazo ni fluoksetini, setralini, sitalopramu, paroksetini na venlafaksini. Jina ni muhimu kwa sababu hazitoki mwilini kwa kasi moja. Venlafaksini na paroksetini zinatoka haraka, hizo ndo zinasumbua zaidi, mtu akichelewa dozi siku moja tu anaanza kujisikia vibaya. Fluoksetini inakaa mwilini wiki kadhaa kwahiyo inajishusha yenyewe kidogo kidogo, na dalili zikija zinaweza kuja baada ya wiki au zaidi, wakati wewe ulishasahau kabisa kwamba uliacha dawa.

Dalili zenyewe sasa. Kwa dawa nyingi zinaanza siku mbili mpaka nne baada ya kuacha au kupunguza. Kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, mwili kuuma kama una mafua, kukosa usingizi, ndoto za ajabu zilizo wazi mno, kulia bila sababu, hasira za karibu, wasiwasi. Na kuna hizo shoti za kichwani, yaani unageuza macho tu pembeni unasikia tzz ndani ya kichwa kama umegusa waya wa umeme, inapita nusu sekunde halafu inarudi. Zinatisha sana ukiwa hujui ni nini, ila zenyewe hazionekani kuharibu ubongo na zinaisha. Amitriptilini yenyewe mara nyingi inaleta pia tumbo kuvuruga na kuhara.

Mdogo wangu alienda Kondoa msibani, vidonge vya setralini vikabaki Dodoma juu ya kabati, akasema potelea mbali si najisikia vizuri tu. Baada ya siku chache nikapigiwa simu kwamba anaumwa. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye kona ya kitanda ameshika ukuta kwa mkono mmoja, hataki kugeuza shingo, akitaka kukuangalia anageuka mwili mzima. Walishamnunulia mseto bila kupima, mwingine akasema ni homa ya matumbo, mwingine yutiai, na shangazi alikuwa anauliza pole pole kama kuna mtu amemgombanisha na watu. Hakuna aliyeuliza amekunywa nini wiki iliyopita na amekosa nini wiki hii. Kwahiyo ukiwa umepunguza au umeacha dawa halafu ukahisi malaria, nenda kapime kweli, Malaria sio ya kuchezea, ila kipimo kikitoka hakuna kitu rudi kwenye tarehe zako za dawa kabla hujameza kingine.

Na hii sio ulevi jamani. Watu wakisikia wanasema ooh ana arosto, amekuwa teja wa vidonge. Mtu wa dawa hizi hana hamu ya kidonge, hatafuti kuongeza dozi. Dawa nyingi za aina hii zinazuia serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo zinatumia kupelekeana ujumbe, isirudishwe haraka ndani ya seli za ubongo, ubongo nao ukajipanga kuishi na hali hiyo miezi na miezi, ukiiondoa kwa siku moja unakuwa haujapata muda wa kujipanga upya. Basi.

Sio kila mtu anapata haya. Mwaka 2024 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, ukaonesha watu kama 31 kati ya 100 walioacha walipata angalau dalili moja, ila hata waliokuwa wanameza vidonge visivyo na dawa ndani 17 kati ya 100 walipata, na dalili kali zilikuwa kwa watu kama 3 kati ya 100. Ila wengi kwenye tafiti hizo hawakutumia dawa muda mrefu, kwahiyo wewe wa miaka mitano usijipime kwa namba hizo ukasema mi haitanipata.

Haya, namna ya kushuka. Kabla ya yote ongea na daktari aliyekuandikia, au nenda kliniki ya afya ya akili. Sisi wa Dodoma tuna bahati Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapahapa, ipo tangu enzi za mkoloni, na wataalamu wa hili wamejaa pale. Najua wengi hawataki kuonekana getini kwa sababu mtaani jina la Mirembe limegeuzwa tusi, na inaniuma kwa kweli, kwa sababu mtu anateseka nyumbani mwezi mzima akiogopa jirani atasema nini. Kama geti hilo linakushinda ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa wako, iwe Dodoma, Singida au kwingine. Muulize daktari swali moja moja kwa moja: je muda wangu wa kuacha umefika? Kawaida wanataka uwe umekaa vizuri angalau miezi 6 tangu upate nafuu, na kama sonona imeshakurudia mara kadhaa wanaweza kutaka hata miaka 2. Mjamzito au anayenyonyesha asikurupuke kuacha kwa hofu ya mtoto, aende kwanza akaongee.

Kosa ambalo watu wengi wanafanya ni kukata nusu, kisha nusu tena, kisha sifuri, na wanashangaa mbona mwanzo ilikuwa rahisi mwisho ndo wakaanguka. Ngoja nieleze kwa namba kwa sababu hapa ndo penye siri yote. Sitalopramu ya miligramu 20 inaziba karibu asilimia 80 ya sehemu zinazorudisha serotonini kwenye ubongo. Ukishusha mpaka 10 bado inaziba karibu asilimia 70. Umepunguza nusu ya dawa lakini ubongo umepoteza asilimia 10 tu. Sasa ukitoka 10 kwenda sifuri umepoteza 70 yote kwa siku moja. Ndo maana hatua za mwisho zinatakiwa ziwe ndogo kuliko za mwanzo na zikae muda mrefu zaidi, na kale kakipande kadogo ambako unakaona hakana maana ndiko kanakotakiwa kuachwa kwa uangalifu kuliko vyote. Wataalamu wa Uingereza walitoa mwongozo wa kushuka hivi mwaka 2020, hata daktari wako ukimwambia habari ya hatua ndogo za mwisho hatakushangaa.

Kwa mfano mtu wa setralini 50 anaweza kupangiwa 25, akae wiki mbili mpaka nne, akitulia 12 na nusu, akitulia dozi ndogo zaidi ya hapo, ndo aache. Aliyetumia miaka mingi au aliyeshawahi kuteseka anaweza kuhitaji miezi mingi, na kila hatua akapunguza sehemu ya kumi tu ya dozi aliyopo. Kinachoamua ni mwili wako umetulia au bado. Dalili zikiwa nyepesi subiri hapohapo, usishuke tena mpaka ziishe. Zikiwa kali rudi dozi ya juu yake iliyokuwa inakutosha, mjulishe daktari, tulia, kisha shuka kwa hatua ndogo zaidi. Kurudi nyuma hatua moja hakumaanishi umeshindwa.

Kuruka siku, leo nameza kesho simezi, usifanye. Kwa dawa inayotoka haraka unakuwa unajipa arosto kila baada ya siku moja. Labda fluoksetini kwa sababu inakaa sana mwilini, na hata hiyo daktari akwambie.

Kukata vidonge nunua kikata vidonge famasi, wengine wanatumia wembe mpya juu ya sahani, kata kimoja kimoja siku unayotumia, usikate karatasi nzima vikae vinasagika kwenye mfuko. Ila vidonge vilivyoandikwa XR au SR, vile vya kutoka polepole, usikate wala kutafuna, na kapsuli usifungue mwenyewe bila kumuuliza mfamasia. Uliza pia kama dawa yako ina ya maji au kidonge kidogo, amitriptilini kwa mfano ipo ya 25 na ipo ya 10, inasaidia sana mwishoni. Halafu nunua kaunta buku, kila jioni andika tarehe, dozi, usingizi, na dalili mstari mmoja tu. Bila hilo daftari siku ukienda kliniki utasema "nilikuwa najisikia vibaya" na daktari hana cha kushika.

Wakati wa kuanza nao una maana yake. Kama kazi yako inazunguka Bunge la bajeti usianze Aprili, subiri Juni iishe. Mwanafunzi wa UDOM usianze wiki mbili kabla ya mitihani, na mwenye shamba la zabibu asianze katikati ya mavuno. Kwa Waislamu, Ramadhani sio wakati wa kuacha, muulize daktari ahamishie dozi kwenye futari au daku. Na safari yoyote, hata ya Mpwapwa kulala siku mbili, vidonge vinakaa kwenye begi la mkononi na vya akiba juu, kwa sababu ukifika kijijini famasi ya karibu inaweza isiwe nayo.

Siku ngumu zikija: kula kidogo kidogo, uji wa ulezi au uwele unakaa tumboni hata ukiwa na kichefuchefu, chai ya tangawizi inasaidia, na maji kunywa mengi maana joto la huku pamoja na hilo jasho vitakumaliza. Kizunguzungu kikikuanza usiendeshe bodaboda wala gari, na asubuhi usiruke kitandani, kaa kwanza dakika moja ndo usimame. Kahawa na enaji acha kuanzia mchana. Mvinyo na pombe nyingine weka pembeni kipindi chote hiki, inakupa usingizi wa saa mbili halafu inakuamsha na wasiwasi mara mbili. Usijinunulie diazepamu ya usingizi dukani, hiyo nayo ina kuacha kwake na ni kubaya zaidi. Tramadoli usichanganye kabisa na dawa hizi bila daktari, na mitishamba yoyote unayotumia itaje kliniki, hakuna atakayekupiga.

Swali ambalo linawaumiza watu kichwa ni hili: je ni dawa inatoka au ni ugonjwa umerudi? Angalia muda. Dawa inayotoka inaleta dalili ndani ya siku chache, na zinakuja na vitu vipya ambavyo hukuwa navyo kwenye sonona, hizo shoti, kizunguzungu, kichefuchefu. Ukirudisha dozi, ndani ya siku moja mpaka tatu unaona nafuu. Sonona ikirudi inakuja taratibu baada ya wiki nyingi au miezi, huzuni ileile unayoijua, kukosa hamu ya kila kitu, na dawa ukiianza tena inachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Wapo wanaorudishwa kwenye dawa kwa muda mrefu kwa kudhani ugonjwa umerudi kumbe walishuka kwa kasi tu.

Lakini ukianza kufikiria kujiua au kujidhuru, au umechanganyikiwa, unazimia, au hulali siku kadhaa na una nguvu za ajabu na unaongea bila kukoma, hapo hakuna kusubiri tarehe ya kliniki wala kuangalia daftari, mwambie mtu yeyote aliye karibu sasa hivi na mwende hospitali, usiku au mchana.

Wazazi na wana ndoa, mtu wenu akiwa anashuka atakuwa mkali na atalia kwa mambo madogo, msimchukulie kwamba amebadilika tabia. Mmoja wenu ajue dozi yake na alishike lile daftari siku ambazo yeye hawezi. Na viongozi wetu wa dini, mwombeeni kwa nguvu zote, ila msimwambie atupe vidonge kama ushahidi wa imani, akapunguze kwa daktari huku mkiendelea kumwombea.

Ukishafika sifuri usifute namba ya kliniki. Omba tarehe ya kurudi baada ya mwezi, na nyingine baada ya miezi mitatu, hata kama unajisikia vizuri. Vidonge vilivyobaki vihifadhi mbali na watoto mpaka tarehe hizo zipite, maana unaweza kuhitaji kurudi hatua moja, halafu vipeleke famasi uwaulize wanavyoviteketeza. Usimpe jirani hata akisema dalili zake zinafanana na zako.