Kuhesabu zamu za tetere wakati wa baridi ya Julai

Cherehani yangu iko dirishani, ghorofa ya kwanza, Dagoretti, Nairobi. Tawi la mparachichi wa jirani liko hatua nne tu kutoka kwenye sindano. Mwishoni mwa Juni tetere wawili wenye macho mekundu walipanga vijiti vyao pale, vichache hivi kwamba aliyesimama chini angeweza kuona mayai mawili meupe kupitia sakafu ya kiota. Nilikaa nao mpaka makinda walipotoka, na nataka nawe ujue namna ya kufuatilia wanavyopokezana kulalia mayai, maana kinachohitajika ni dirisha, daftari na subira.

Anza kwa kuchagua mahali pa kukaa, kisha usipahame. Ndege humzoea mtu aliyetulia mahali pamoja kuliko mtu anayechungulia na kutoweka. Usipande mti, usisogeze tawi ili upige picha nzuri. Aliyelalia mayai akiinua shingo na kubana manyoya mwilini, ujue umekaribia mno. Rudi nyuma polepole.

Mimi niliandika kwenye kurasa za mwisho za daftari la vipimo vya wateja: tarehe, saa, nani kaingia, nani katoka, jua au mawingu. Tatizo ni kwamba jike na dume hufanana. Usihangaike na rangi, tazama saa. Kwa tetere na njiwa, jike hulala na mayai usiku kucha, na dume humpokea asubuhi jua likishapanda. Wangu walibadilishana kati ya saa tatu na nusu na saa nne, kisha mama akarudi kwenye saa kumi na nusu jioni. Kwa hiyo ukichungulia saa sita mchana, unayemwona ni baba. Wateja wangu wengi hawakuamini mpaka nilipowaonyesha daftari.

Wakati wa kukaza macho ni ule wa kupokezana. Anayekuja hutua pembeni, aliyelala husimama, na mayai hubaki wazi. Hesabu muda huo. Wangu hawakuzidisha muda wa kutunga uzi sindanoni. Kisha mtazame anayekaa: hutanua manyoya ya tumbo na kujitikisa kushoto na kulia mpaka ngozi tupu iguse mayai. Ngozi hiyo isiyo na manyoya, yenye mishipa mingi ya damu, ndiyo inayopitisha joto, na dume wa tetere anayo vilevile. Yai linahitaji joto la karibu nyuzi 37, na huku kwetu, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, alfajiri ya Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Mayai yakiachwa wazi muda mrefu hupoa, na kinda aliye ndani huacha kukua.

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka miwili iliyopita nilimruhusu fundi apunguze ua wetu wa kaiyaba asubuhi yenye ukungu, nami nikijua kuzumburu, wale ndege wadogo wenye mkia mrefu, wametaga humo. Kuzumburu nao, baba na mama hushirikiana kulalia. Siku ile hakuna aliyethubutu kurudi mpaka alasiri, na mayai yale hayakuanguliwa. Kama kuna kiota, ua usubiri. Kukata kunaweza kungoja mwezi mzima.

Lakini usidhani kila ndege ana zamu. Chozi wanaokuja kwenye maua yako, jike hulalia peke yake. Ndivyo ilivyo hata kwa yule chozi wa kijani wa Mlima Kenya, anayeishi kwenye milobelia mikubwa, mimea mirefu ya maua ya huko mlimani, juu ya mita 4,000, ambako usiku maji huganda. Dume hulinda milobelia yenye nekta. Mama hulalia, na njaa ikimbana hana wa kumwachia mayai. Kinachomsaidia ni kiota chenye paa na mlango wa pembeni, kilichojazwa sufi ya mimea na manyoya. Ukiwa njiani kuelekea kambi ya Shipton mlimani humo na umwone mama akiingia kwenye kiota kama hicho, usingoje abadilishwe. Andika alivyotoka na alivyorudi, kisha endelea na safari, kwani kila dakika unayomzuia kurudi ni dakika ya baridi kwa mayai.

Tetere hulalia mayai kwa takriban wiki mbili hadi siku 17. Usifunge daftari siku ya kuanguliwa, maana makinda hutoka karibu uchi, wanahitaji kufunikwa, na wazazi wote wawili huwalisha maziwa yanayotengenezwa kooni mwao. Siku yangu ya 16 nilikuta nusu ya ganda juu ya mabati ya kibanda. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha, nami sikujua kama zamu ingeendelea. Saa nne kasorobo baba alitua pembeni, mama akasimama.