Chuo cha jamii Marekani: uliza kuhusu chakula kabla ya ada

Wengi wetu tunaingia chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha kozi za miaka 2 hivi) huku tunabeba boksi. Usiku zamu kwenye nyumba ya wazee, asubuhi darasani, na katikati kuna watoto, kodi ya nyumba na simu za kutoka nyumbani. Ukiona mtu makini ameacha kozi ya unesi katikati ya muhula, chunguza vizuri: mara nyingi gari limekufa, au aliyekuwa akimwangalia mtoto amehama.

Ndiyo maana asilimia ya wahitimu unayoiona mtandaoni isikutishe wala isikudanganye. Takwimu ya serikali iliyozoeleka inawahesabu walioanza chuo kwa mara ya kwanza, wakasoma muda wote, yaani krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 12 au zaidi kwa muhula, wakamaliza kozi ya miaka 2 ndani ya miaka 3. Mama anayechukua masomo mawili kwa muhula hamo kabisa. Aliyehamia chuo kikuu kabla ya kupata cheti naye hahesabiwi kuwa amehitimu. Basi kiulize chuo: wanaosoma nusu muda wako wapi baada ya miaka 8? Serikali inakusanya takwimu hizo pia. Kama unakwenda kusomea unesi, ulizia wangapi wanafaulu mtihani wa leseni, NCLEX, mara ya kwanza. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko majengo mapya.

Kisha uliza swali ambalo wengi wetu tunaliona la aibu: mwanafunzi akiishiwa chakula au nauli, mnamsaidiaje? Swali hili linahusu masomo moja kwa moja. Vyuo vya CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji la New York, vilianzisha mpango wa ASAP mwaka 2007: kadi ya usafiri, vitabu, ada iliyobaki baada ya misaada mingine, na mshauri anayekufuatilia kwa karibu, kwa sharti usome muda wote. Watafiti wa MDRC, taasisi ya utafiti, waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, na baada ya miaka 3 asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wenzao.

California inavitaka vyuo vyake vya jamii, 116 kwa jumla, viwe na kituo cha mahitaji ya msingi tangu Julai 2022. Kwingine nenda ofisi ya huduma za wanafunzi, uulizie ghala la chakula cha bure na mfuko wa dharura. Ghala la chuo kwa kawaida linataka kitambulisho cha mwanafunzi tu, si makaratasi ya uhamiaji. Mtu wa kanisani au msikitini akikuona na mfuko wa mchele, msalimie uendelee na safari.

Stempu za chakula, yaani SNAP, zina masharti mengine. Anayesoma nusu muda au zaidi kwa kawaida hapati, isipokuwa afanye kazi wastani wa saa 20 kwa wiki, awe kwenye kazi za chuo zinazogharamiwa na serikali, amlee mtoto chini ya miaka 6, au aangukie kundi jingine linaloruhusiwa. Sheria ya Julai 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata grini kadi. Lakini hao bado wanaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na kuomba Pell, ruzuku ya serikali ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika dola 7,395 na hairudishwi kama mkopo.

Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, hana Pell wala SNAP. Dhiki ya ghafla ikimkuta, aanzie kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni: akishakaa mwaka mmoja wa masomo anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi nje ya chuo. Asishuke chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisa huyo, maana viza iko hatarini.

Na ukielemewa, usiache tu kwenda darasani. Anayejitoa masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita anaweza kudaiwa sehemu ya msaada wa serikali, na deni hilo linaweza kumzuia kujiandikisha tena. Pita kwanza ofisi ya misaada ya fedha. Kama umepoteza kazi au mapato yameshuka tangu ulipojaza FAFSA, waombe wakukokotolee upya, ukiwa na barua ya mwajiri mkononi.