Gari la kazi utakaloweza kulala ndani siku ya dharura

Ukienda kukagua vani ya kazi, beba futi ya kupimia. Pima sakafu kuanzia mlango wa nyuma hadi mgongo wa kiti cha mbele: kama una urefu wa sentimita 175, tafuta angalau 190, maana kichwa na vidole vya miguu vinahitaji nafasi. Kisha pima upana kati ya matuta ya magurudumu ya nyuma. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanapima ukuta kwa ukuta, halafu ubao wa kitanda unagoma kuingia.

Ingia ndani, mwenzako akufungie, ujaribu kufungua mlango wa nyuma. Vani nyingi za mizigo hazina kitasa kwa ndani, na kama kuna ukuta unaotenga dereva, umejifungia kama mzigo. Gari la hivyo liache, au weka kitasa kwanza.

Usiku acha madirisha mawili wazi sentimita 2 hivi, pande tofauti. Bila hivyo pumzi hugeuka maji kwenye bati na godoro linalowa. Usilale injini ikiunguruma: ekzosi ikizibwa na tope au ikiwa imetoboka, moshi wenye sumu isiyo na harufu huingia ndani.

Taa na feni viendeshwe na betri ya pili. Betri ya risasi (madini, aina ya kawaida ya magari) ya Ah 100, yaani saa-ampea 100, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi, itumie nusu tu. Ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema. Ile ya kuwashia gari usiiguse.