Edita ipi kwa laptopu yako: tunavyochagua hapa Mwanga, Kigoma

Kijana akija kwangu kujifunza kuprogramu, swali la kwanza ni lilelile: "Ticha, niweke edita gani?" Edita ni programu unayoandikia maelekezo ya kompyuta. Keshaona video ya mtu mwenye mashine ya mamilioni akiandika kodi (maelekezo hayo, siyo ile ya TRA) kwenye VS Code, naye anaitaka hiyohiyo. Mimi humwambia alete kwanza laptopu yake tuione.

Hatua ya 1: Pima RAM, kumbukumbu ambayo programu hutumia zikiwa wazi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha Memory. Jumla peke yake haitoshi. Fungua brauza na kurasa zako tatu nne, ndipo utazame imebaki kiasi gani. Kwenye laptopu ya mtumba ya GB 4, Windows na Chrome hula sehemu kubwa hujaandika hata mstari. Kama bado uko Windows 7, VS Code itakayokubali inaishia toleo la 1.70.

Hatua ya 2: Unaandika nini? Programu za simu za Android? Ni Android Studio, na chini ya GB 8 utajitesa. Python, HTML au JavaScript, una uhuru.

Hatua ya 3: Bakiza mbili. RAM ikiwa GB 4, anza na Notepad++. Ipo tangu 2003 na faili lake la kusakinisha halifiki MB 10, bando halitalia. Ni ya Windows tu. Wa Linux achukue Geany. Ukiwa na GB 8, weka VS Code. Uzito wake unatokana na Electron, mfumo uliotumika kuitengeneza: ndani yake kuna injini ya Chromium, ileile ya Chrome, kwa hiyo ukiifungua pamoja na Chrome ni kama umefungua brauza mbili. Sublime Text ni nyepesi, unaijaribu bure, ila itakukumbusha ununue leseni.

Vim, edita ya kuendeshwa kwa kibodi, sikulazimishi. Lakini ukiifungua bila faili, mara nyingi inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda, kwa kuwa muasisi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliwahi kujitolea Kibaale. Ukinasa humo: Esc, kisha `:q!`, kisha Enter.

Hatua ya 4: Zipe kazi moja. Mimi hutumia programu ndogo ya Python ya kujumlisha magunia ya dagaa wa Kibirizi. Kosea makusudi:

`bei = 90000`
`jumla = magunia * bie`

VS Code yenye kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha Python itaipigia `bie` mstari wa mawimbi hapohapo. Notepad++ itanyamaza, utajua ukiiendesha. Kwa anayeanza, tofauti hiyo ni kubwa kuliko rangi zote za kupendeza. Hata hivyo, kama kila herufi inachelewa kutokea kwenye skrini, chukua ile inayonyamaza.

Hatua ya 5: Jihadhari na umeme. Niliwahi kupoteza kazi ya saa mbili. Betri ilishakufa, umeme ukakatika, na edita niliyokuwa nayo haikuweka chochote. Kwenye VS Code fungua File, weka tiki kwenye Auto Save. Notepad++ hujiwekea nakala ya akiba kila sekunde 7, usiizime.

Hatua ya 6: Viendelezi. Msipakue kila mmoja kwa bando lake. Mmoja apakue faili la .vsix, liwekwe kwenye flashi, wengine wachague Install from VSIX. Flashi yangu iko kwenye droo, ila ipigwe skani ya virusi kwanza. Imetoka kuzunguka steshenari zote za mjini.