Mahindi Yameingia Ndani, Panya Nao Wamefuata

Mavuno ya masika yakishatoka shambani, nyumba nyingi za Muheza, Pangani na Handeni hupata wageni. Shambani yamebaki mabua makavu, chakula kimehamia ndani, na panya hufuata chakula. Usiku unasikia mbio darini, asubuhi unakuta gunia limetobolewa kwenye pembe na punje zimetapakaa sakafuni. Wengi wetu hapo hukimbilia kununua sumu. Ndugu mkulima, nakuomba usianzie huko.

Panya wa darini mmoja hula kama gramu 20 za nafaka kwa siku. Ukiwa nao 20, kwa mwaka ni kilo 146, karibu gunia moja na nusu, na hapo sijahesabu yale wanayoyakojolea. Jike hubeba mimba kwa wiki tatu tu, na panya shamba huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Ukiua watano leo ukaacha mahindi wazi, haipiti muda wamerudi wale wale kwa idadi.

Anza kwa kujua njia zao. Jioni, watoto wakishalala, chukua majivu ya jikoni, yachekeche, uyatandaze kandokando ya ukuta na kwenye mlango wa stoo. Asubuhi inama na tochi. Utaona nyayo ndogo, vidole vinne vya mbele na vitano vya nyuma, na katikati yake mchirizi wa mkia. Ni mara chache nyayo zikatize katikati ya chumba, kwa sababu panya hupenda kutembea masharubu yakigusa ukuta. Zifuate mpaka zinapoishia, na hapo ndipo pa kuziba.

Usidharau tundu dogo. Panya wadogo wa nyumbani hupenya mahali panapopita penseli. Ukiziba kwa udongo mtupu watachimbua upya. Shindilia kwanza waya wa kusugulia sufuria, kisha piga saruji juu yake. Chini ya mlango wa mbao pigilia ukanda wa bati. Na kama mnazi au mwembe umeegemea paa, kata matawi na makuti yanayogusa nyumba, kisha zungushia shina bati laini ili wasipate pa kukamata kucha.

Mahindi yapukuchue, yakaushe vizuri, na magunia yakae juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, ili upite nyuma na fagio. Mifuko isiyopitisha hewa huwamaliza dumuzi, wale wadudu wanaotoboa punje, lakini panya huitoboa, na hewa ikishaingia dumuzi nao wanapata uhai. Mwenye uwezo anunue kihenge cha bati. Ni gharama, nakubali, ila kinadumu miaka mingi.

Sasa mitego. Mmoja hautoshi, tega sita au kumi kwa siku moja, upande wa chambo ukiuelekea ukuta. Chambo kizuri kwa pwani yetu ni kipande cha nazi kilichobanikwa, au dagaa. Panya wakubwa huogopa kitu kigeni, kwa hiyo siku mbili tatu za kwanza weka chambo bila kutega. Wakishazoea kula, tega yote usiku mmoja.

Sumu iwe ya mwisho. Niliwahi kuitumia nikiwa na haraka, na aliyekufa kwanza alikuwa paka wangu, aliyekula panya aliyelewa sumu. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Zile pakiti zisizo na lebo zinazotembezwa mitaani usiziingize kwenye nyumba yenye watoto. Nunua sumu iliyosajiliwa kwenye duka la pembejeo, iweke ndani ya kopo lenye tundu la panya tu, mbali na kuku na chakula. Sumu za kuzuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo usiongeze dozi kwa kuona bado wanakimbia. Na bundi akitua kwenye mti wako usimpige mawe kwa kuogopa uchuro; huyo anakuwindia usiku kucha bila malipo.

Mizoga usiishike kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki, izike chini, na kinyesi kilowanishe kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kukifuta, maana ukifagia kikavu unakivuta puani. Ndugu zetu wa Lushoto wanalijua hili kwa uchungu: tauni iliwapiga kuanzia 1980, kwa miaka mingi, na viroboto wa panya ndio walioibeba. Ukikuta panya wengi wamekufa wenyewe bila mtego wala sumu, usiwaguse. Watoto wakae mbali, na taarifa ifike zahanati siku hiyohiyo, kwa sababu panya akipoa viroboto humwacha wakatafute damu nyingine.